Kulinganisha gemu za RPG za enzi tofauti: pima kazi moja, usipime gemu nzima

RPG ni gemu ambazo unaigiza mhusika na kumkuza hatua kwa hatua. Ukiweka Dragon Quest ya mwaka 1986 kando ya Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, jibu la haraka unalo kabla hujawasha chochote. Ya kwanza ilikaa kwenye katriji ya kilobaiti 64, ya pili inataka gigabaiti 150 za diski. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara milioni mbili, na bado haikuambii ipi imeundwa vizuri zaidi. Picha, sauti na urefu hufuata ukubwa wa kumbukumbu ya mashine, na hilo halihitaji mlinganisho.

Njia inayoleta jibu ni kuchagua kazi moja ambayo mchezaji analazimika kuifanya katika gemu zote mbili, kuipima kwa saa na kalamu, kisha kuuliza nani ameibeba: wewe au mashine. Kazi zinazopimika vizuri ni nne: kupiga, kusafiri, kufa na kukua. Hadithi na mazungumzo nayo ni mali ya RPG, pengine mali kubwa kuliko zote, ila hayapimiki kwa njia hii. Anayejaribu kuyapa alama kumi kwa kumi huishia kuandika mapenzi yake tu.

Jozi iwe ya ukoo mmoja

Kosa la kwanza ni kuokota gemu mbili kwa sababu zote zinaitwa RPG. Mwaka 1981 zilitoka Wizardry na Ultima kwenye kompyuta ya Apple II, na njia zikaachana hapo hapo. Wizardry inakuweka ndani ya shimo, ukuta mbele ya macho yako; Ultima inakuonyesha nchi kutoka juu. Yuji Horii alipobuni Dragon Quest alichukua ramani ya aina ya Ultima na mapambano ya aina ya Wizardry, akayapunguza mpaka mtoto mwenye pedi ya Famicom, konsoli ya Nintendo, aweze kucheza. Ukilinganisha Wizardry na Chrono Trigger ya 1995, umelinganisha matawi mawili ya mti, na umri wala haujaugusa.

Jozi tunazopendekeza ni hizi. Morrowind (2002) na Skyrim (2011): mfululizo mmoja, studio moja, miaka tisa katikati. Baldur's Gate (1998) na Baldur's Gate 3 (2023): studio tofauti, BioWare na Larian, lakini zote zimejengwa juu ya sheria za Dungeons & Dragons, ya kwanza toleo la pili la AD&D, ya tatu toleo la tano. Kwa asiye na kompyuta wala konsoli, Final Fantasy ya kwanza (1987) na ya sita (1994) zote zinapatikana kwenye simu, na miaka saba hiyo inatosha kuonyesha mengi. Dragon Quest ya kwanza inafaa kupimwa na yoyote ya mfululizo wake, kwa kuwa mifupa yake haijabadilika sana.

Toleo gani hasa?

Hapa ndipo milinganisho mingi huharibikia. Jina la gemu peke yake halitoshi. Andika jina, mwaka, mashine na nchi ya toleo, maana gemu moja inaweza kuwa gemu tatu.

Chukua Final Fantasy ya kwanza. Kwenye katriji ya mwaka 1987, kipimo cha akili cha mchawi hakiongezi chochote kwenye nguvu ya uchawi wake. Ni hitilafu ya programu: namba inapanda kwenye skrini, haifanyi kazi. Humo humo, ukiwaamuru wapiganaji wawili wampige adui mmoja na wa kwanza akamuua, wa pili anapiga hewa na zamu yake imekwenda. Dawa unanunua moja moja, kwa hiyo ukitaka 60 unabonyeza kununua mara 60. Sasa chukua Pixel Remaster ya 2021, yaani gemu ile ile iliyotengenezwa upya: pigo linahamia kwa adui aliye hai, na dawa unanunua kwa idadi. Toleo la konsoli la 2023 limeongeza swichi za kuzima mapambano ya ghafla na kuzidisha pointi za uzoefu hadi mara nne. Mtu akicheza hilo swichi zikiwa zimewashwa, kisha akatangaza kwamba RPG za miaka ya 80 zilikuwa mteremko, amepima mwaka 2023 akiuita 1987.

Final Fantasy VI ina jambo la aina hiyo hiyo. Kwenye Super Nintendo, namba ya kukwepa mapigo haitumiki kabisa. Namba ya kukwepa uchawi ndiyo inayofanya kazi zote mbili. Toleo la Game Boy Advance lilirekebisha. Ukitaka kujua ngao ilikuwa na thamani gani mwaka 1994, toleo lililorekebishwa litakupa jibu la gemu nyingine. Pokémon za kwanza za 1996 nazo: uchawi wa aina ya mzimu hauwadhuru wa aina ya akili ingawa ulikusudiwa uwe silaha dhidi yao, na lile pigo la kujikusanya ili upate pigo kali zaidi hupunguza nafasi hiyo badala ya kuiongeza.

Je, hitilafu zihesabiwe? Tunasema ndiyo, maana wachezaji wa wakati huo waliishi nazo, ila ziwe kwenye safu yake. Usichanganye uamuzi wa mbunifu na kosa la mwandika programu.

Namba za mfululizo nazo hudanganya. Final Fantasy IV iliuzwa Marekani mwaka 1991 kwa jina la II, tena ikiwa imerahisishwa, na ya VI ikauzwa huko mwaka 1994 kwa jina la III. Mtu akikuambia alimaliza Final Fantasy III kwenye Super Nintendo, alimaliza ya sita. Wote wawili mtabishana usiku kucha, kila mmoja akizungumzia gemu yake.

Dragon Quest ya Japani haina kumbukumbu ya betri. Mfalme anakupa neno la siri la herufi 20, unalinakili kwenye karatasi, kesho unaliingiza upya. Herufi moja ikikosewa, jana yako yote imepotea. Toleo la Marekani la 1989, lililoitwa Dragon Warrior, lina betri ndani ya katriji. Hata kuzungumza ni tofauti: katika la Japani shujaa hageuki, daima anakutazama wewe, hivyo unachagua amri ya kuzungumza kisha unachagua upande, kaskazini au kusini, mashariki au magharibi. La Marekani shujaa anageuka, upande hauulizwi. Kwa gemu ambayo nusu yake ni kuuliza wanakijiji habari, huo ni mbonyezo mmoja wa ziada kwa kila mtu.

Kwa wasomaji wa Kenya, Uganda na Tanzania kuna mtego wa ziada. Televisheni zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, wakati Japani na Marekani zilikwenda 60. Gemu nyingi za zama za PlayStation ya kwanza na za kabla yake zilihamishiwa PAL bila kurekebishwa kasi, zikatambaa kwa asilimia 17 hivi. Saa 30 za Marekani huwa saa 36 kwetu. Aliyekuwa akilalamika kwamba gemu hizo ni nzito kama jiwe hakuwa akiota. Ukipima muda kwa diski ya PAL, andika PAL. Ukitaka kulinganisha na toleo la Hz 60, yaani la picha 60 kwa sekunde, zidisha muda wako kwa 5 kisha ugawanye kwa 6.

Andaa mashine, kitabu na daftari

Kama unatumia emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, na katriji au diski unayoimiliki, zima mambo matatu kabla ya kuanza: kuharakisha, kurudisha nyuma, na kuhifadhi papo hapo. La tatu ndilo linaloharibu zaidi, kwa sababu linafuta kazi nzima ya kufa, na kazi hiyo tutaipima.

Kwenye Baldur's Gate 3, fungua mipangilio uzime Karmic Dice. Gemu inakuja ikiwa imeiwasha. Kazi yake ni kuzuia mfululizo wa bahati mbaya, kwa hiyo dadu unayoiona si dadu halisi. Kwenye Baldur's Gate ya 1998 weka ugumu kwenye sheria za msingi, kisha ingia kwenye mipangilio ya taarifa uwashe maonyesho ya dadu za kushambulia, ili kila mtupo uandikwe kwenye kisanduku cha maneno chini. Usipofanya hivyo utakuwa unakisia. Kwenye Final Fantasy za kuanzia ya nne mpaka ya tisa, zenye mapambano ambayo saa inakimbia huku ukichagua, tumia mpangilio wa kusubiri na uandike kasi uliyoweka. Katika ya sita kasi zipo sita, na adui wa kasi ya kwanza si adui wa kasi ya sita.

Halafu soma kitabu. Waswahili husema kila zama na kitabu chake, na hapa ni kitabu kweli, cha karatasi. Gemu za zamani ziliacha nusu ya maelezo nje ya diski kwa sababu diski ilikuwa ndogo. Pool of Radiance ya 1988 inafika mahali inakuambia ukasome kipande namba fulani kwenye kijitabu kilichokuja na boksi, kwa kuwa maneno hayo hayamo ndani ya gemu. Anayeicheza bila kijitabu anaona gemu isiyo na hadithi. Ukinunua gemu za kompyuta za kale kwenye duka la GOG, mara nyingi kitabu kimewekwa kama faili la PDF miongoni mwa vitu vya ziada. Kipakue kwanza.

Daftari liwe na safu hizi: toleo, kazi, mwanzo na mwisho wa kipimo, dakika, mibonyezo, msaada uliotumika, na nani alibeba kazi. Mibonyezo inachosha kuhesabu. Hesabu dakika tano tu za kila kipimo, kisha piga hesabu.

Kupiga

Jozi ya Morrowind na Skyrim ndiyo inayofundisha zaidi, na ndiyo inayoleta malalamiko mengi. Mtu anatoka Skyrim, anaingia Morrowind, anachukua kisu cha chuma kilichoko kwenye ofisi ya forodha ya Seyda Neen, anatoka mbio mpaka kwa adui wa kwanza. Anachoma. Anaona kisu kimeingia mwilini kabisa. Hakuna damu, hakuna sauti ya pigo. Anachoma tena mara nane, anakufa, anazima.

Hesabu ya Morrowind ni hii: chukua ustadi wako wa silaha hiyo, ongeza wepesi uliogawanywa kwa 5, ongeza bahati iliyogawanywa kwa 10. Zidisha jumla kwa namba ya pumzi: ule mstari wa kijani ukiwa umejaa ni 1.25, ukiwa mtupu ni 0.75. Kinachobaki ni asilimia yako, kabla ya kutoa uwezo wa adui kukwepa.

Mhusika asiye na ustadi wa silaha fupi ana 5. Wepesi 40 unampa 8, bahati 40 inampa 4. Jumla 17. Na kwa kuwa katika Morrowind kukimbia kunakula pumzi, yule aliyetoka mbio amefika kwa adui mstari ukiwa mtupu: 17 mara 0.75 ni 12.75. Pigo moja katika nane, tena kabla adui hajakwepa.

Sasa tengeneza mhusika wa pili. Awe Dunmer, yaani elf mweusi, kabila lenye nyongeza ya 10 kwenye silaha fupi. Silaha fupi iwe ustadi mkuu, unaoanza na 30, na fani yake iwe ya kunyemelea, inayoongeza 5. Ana 45. Jumla 45 na 8 na 4 ni 57. Atembee badala ya kukimbia, apumzike kabla ya pambano: 57 mara 1.25 ni 71.25. Kisu ni kile kile na adui ni yule yule, ila mmoja ana asilimia 13 na mwingine 71. Choma mara 50 kwa kila mhusika, hesabu zilizopata, utaona zinakaribia hesabu ya kitabuni, zikiwa chini kidogo kwa sababu ya kukwepa.

Katika Skyrim, upanga ukigusa umegusa. Ustadi unaongeza maumivu ya pigo tu. Kwa hiyo kilichobadilika kati ya 2002 na 2011 ni mahali pa dadu: imeondoka kwenye swali la kupata au kukosa. Mtu husema mapambano ya Morrowind ni mabovu. Kwa maoni yetu hesabu yake ni nzima kabisa, ila picha inaisaliti. Baldur's Gate ina dadu ile ile na hakuna anayelalamika, kwa kuwa unawatazama watu kutoka juu kama karata mezani, na kisanduku cha maneno kinakueleza nini kimetokea. Morrowind ilikupeleka ndani ya macho ya mhusika ikasahau kukuonyesha adui akikwepa.

Kwa jozi ya Baldur's Gate, hesabu ni rahisi zaidi ukishazoea kwamba ya 1998 inakwenda kinyume. Silaha za kujikinga hupimwa kwa namba ambayo ikishuka ndiyo bora. Mpiganaji wa levo ya kwanza ana namba ya kushambulia 20, ile iitwayo THAC0. Toa kinga ya adui, unapata unachotakiwa kutupa kwenye dadu ya pande 20. Adui mwenye kinga 4: unahitaji 16 au zaidi, yaani pande tano, asilimia 25. Katika ya tatu unatupa, unajumlisha nyongeza yako, unataka kufikia kinga ya adui. Nyongeza 5 dhidi ya kinga 15: unahitaji 10 au zaidi, pande 11, asilimia 55. Si kwamba wapiganaji wa leo wamekuwa hodari. Raundi moja ya sekunde sita katika gemu ya 1998 hupita kwa sekunde sita za saa yako, mapigo kumi kwa dakika, na kukosa hakuumi. Katika ya 2023 kila mmoja anasubiri zamu, na raundi hiyo hiyo ya sekunde sita inaweza kula dakika tatu. Ukikosa mara tatu katika nne kwa mwendo huo ungetupa pedi ukutani.

Ndiyo sababu asilimia peke yake haitoshi. Andika asilimia, na pembeni yake andika majaribio kwa dakika.

Kusafiri

Pima safari ya kwanza ndefu. Katika Morrowind unatoka Seyda Neen na kifurushi cha Caius Cosades aliyeko Balmora. Hakuna mshale. Unaambiwa upande mdudu mkubwa wa usafiri uende Balmora, ukaulizie kwenye baa ya South Wall. Andika dakika, mara ngapi umefungua shajara, mara ngapi umemuuliza mtu njia, mara ngapi umepotea.

Katika Skyrim chukua kazi yoyote ya kwenda pangoni uliyopewa na mwenye baa. Alama inakaa kwenye dira juu ya skrini mpaka ufike. Kisha irudie ukiwa umezima alama hiyo kwa kuiondoa kazi kwenye orodha ya zinazofuatiliwa. Hapa wengi huteleza: wanadhani wakizima alama wameipata Morrowind. Hawajaipata, kwa sababu watu wa Skyrim hawakuelekezi. Maneno ya njia hayakuandikwa, kwa kuwa mshale ulikuwepo tangu mwanzo. Camilla wa Riverwood, anayekusindikiza mpaka mwisho wa kijiji na kukunyooshea kidole njia ya kaburini, ni wa kukumbukwa kwa vile yuko karibu peke yake.

Shajara ya Morrowind ni ya kulaumiwa kwa haki. Ilipotoka mwaka 2002 ilikuwa kurasa mfululizo kwa tarehe, na habari ya kazi ya juzi ilizama chini ya kazi kumi za jana. Kupanga kwa kazi kulikuja na nyongeza ya Tribunal mwaka huo huo. Matoleo yanayouzwa leo yana Tribunal tayari, kwa hiyo mchezaji wa leo hataonja adha hiyo. Iandike kwenye safu ya msaada.

Usiandike pia kwamba Morrowind haina usafiri wa haraka. Inao wa wadudu, wa mashua, wa chama cha wachawi, na wa uchawi wa kujirudisha ulipoweka alama. Tofauti ni kwamba unatakiwa kujua vituo na kuunganisha, kama mtu wa Mbagala anayejua ashukie wapi ili apate gari la Mwenge.

Kufa

Kipimo chake ni deni: dakika kutoka kufa mpaka kurudi pale pale ukiwa na nguvu zile zile. Kufa makusudi mara tatu, chukua wastani.

Wizardry ndiyo katili kuliko zote. Kifo kinaandikwa kwenye diski papo hapo. Ukijaribu kumfufua mtu na ikashindikana anakuwa majivu, ikishindikana tena amepotea moja kwa moja. Dragon Quest ya 1986 ina huruma inayoshangaza: unarudishwa kwa mfalme, unapoteza nusu ya dhahabu, pointi za uzoefu zinabaki zote. Yaani hata pambano ulilokufa halifuti uliyoshinda kabla yake. Final Fantasy ya 1987 inakurudisha ulipohifadhi mara ya mwisho na kila kitu ulichopata baada ya hapo kimefutika. Gemu mbili, mwaka mmoja na kitu kati yao, mashine moja, madeni yasiyofanana kabisa. Anayesema "zamani kufa kulikuwa hivi" aulizwe zamani ipi. Dark Souls ya 2011 inaacha mali yako mahali ulipoanguka. Ukifa tena kabla ya kuifikia, imekwenda.

Kwenye gemu za kompyuta zenye kitufe cha kuhifadhi haraka, deni ni sekunde chache, na hivyo ndivyo ilivyokuwa hata mwaka 1998. Jiwekee sheria: hifadhi ukiingia eneo jipya tu. Bila sheria hiyo kila dadu mbaya itarudiwa, na ulichopima ni subira yako.

Kukua

Dragon Quest inakupa mfano safi. Slime mmoja, adui dhaifu kuliko wote, ni pointi 1. Levo ya pili ni pointi 7, ya tatu 23, ya nne 47, ya tano 110. Kutoka ya nne kwenda ya tano ni pointi 63, slime 63 ukibaki karibu na kasri, na hakuna mchezaji mwenye akili atakayebaki. Levo ya mwisho, ya 30, inataka pointi 65535, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye baiti mbili. Mashine yenyewe imechora paa la nyumba. Toleo la Super Famicom la 1993 liliongeza pointi na dhahabu kwa kila adui, kwa hiyo kipimo chako cha dakika hakitahamia huko.

Ukuaji wa enzi za baadaye upime kwa adui, mhusika usimtazame. Katika Oblivion ya 2006 dunia nzima inapanda nawe, mpaka majambazi wa barabarani wanajitokeza na silaha za kioo zenye thamani kubwa kuliko kijiji wanachokiibia. Nenda pango moja ukiwa levo 5, rudi ukiwa levo 25, hesabu mapigo ya kumuua jambazi mmoja. Fanya vivyo hivyo kwa slime wa Dragon Quest. Kwa slime mapigo yanashuka hadi moja. Kwa jambazi yanaweza hata kupanda. Levo 25 za Oblivion na levo 25 za Dragon Quest ni maneno yanayofanana tu.

Yanayoharibu matokeo hata ukifuata yote

Cheza ya zamani kwanza. Ukianza na mpya, mikono inazoea urahisi na kila kitu cha zamani kitaonekana kosa. Toa saa mbili za kuzoea kabla ya kupima lolote, kwa kila gemu.

Maelezo ya mtandaoni yafungwe. Ramani ya mwaka 2024 iliyo wazi kwenye simu inaigeuza Wizardry kuwa kazi ya kunakili. Ukikwama kabisa, tafuta jibu la swali hilo moja na uliandike kwenye safu ya msaada. Mod, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji, ni hivyo hivyo: Morrowind nyingi zinazoonekana kwenye video zimebadilishwa sura na hesabu, wakati mwingine mpaka uwezekano wa kukosa umeondolewa.

Skrini ya kugusa inaongeza muda wa menyu kwenye gemu zilizoundwa kwa pedi. Ukipima kwa simu, zote mbili zipimwe kwa simu, au unganisha pedi ya Bluetooth. Na kama unapimia kwenye kibanda cha gemu cha kulipia kwa saa, kumbuka kwamba RPG haikuundwa kwa mita inayokimbia: utaruka mazungumzo bila kujijua. Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation ya kwanza ina nafasi 15 tu, na kwenye kadi ya watu wengi faili lako halina mwenyewe. Njoo na yako.

Mstari wa daftari uliojazwa sawasawa huwa hivi: Dragon Warrior, 1989, NES, Marekani, Hz 60, kazi ni kukua, kutoka mlango wa kasri levo 1 mpaka levo 2, slime 7, dakika zako, mibonyezo yako, msaada, kitabu cha boksi tu, aliyebeba kazi, mchezaji. Mstari wa chini yake uwe wa gemu mpya, kazi ile ile, na kama huwezi kuandika mwanzo na mwisho unaofanana, badilisha kazi kabla ya kuendelea.